Labania Iliyotiwa Moyo

Labania haipikwi na mtu mwenye haraka, wala na mtu mwenye mdomo. La kwanza nilifundishwa na mama yangu kule Mombasa. La pili nimejifunza mwenyewe hapa Juba, Idd iliyopita, na mpaka leo nikipita mbele ya milango ya majirani zangu wa mtaa wa Malakia naongeza mwendo.

Kwa asiyeijua, labania ni tamutamu ya maziwa. Unachemsha sukari na maji mpaka shira ivute uzi baina ya vidole, unatia maziwa ya unga, samli na iliki, kisha unasonga. Unasonga mpaka mkono ulalamike na rojo lianze kuachana na sufuria. Hapo unalimwaga kwenye sinia lililopakwa samli, unalisawazisha na kukata vipande kabla halijakauka. Ukiwahi kuipua unapata uji. Ukichelewa unapata mchanga. Kwetu msichana anayeitoa labania laini, inayokatika bila kumeguka, watu humtazama mara mbili.

Mimi hawakuwahi kunitazama hata mara moja. Nyumbani labania ilipikwa na mama na dada zangu, kazi yangu ilikuwa kulamba mwiko. Lakini nilipoolewa na kuletwa huku, nani angenijua? Nilimwambia mama mkwe kwamba labania naipika nikiwa nimefumba macho. Akaniamini. Mama huyu aliniamini kwa kila kitu, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Wakati wa vita aliishi ukimbizini Uganda miaka mingi, akauza samaki wakavu sokoni, na alirudi Juba na Kiswahili cha huko. Alikipenda Kiswahili chake. Majirani zetu wote wanaongea Kiarabu cha Juba, kwa hiyo alikuwa amekosa wa kukiongea naye, mpaka nikaja mimi. Kila alasiri alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko la makaa, akanyoosha miguu, tukazungumza.

"Mimi iko najua Swahili mbele ya wewe nazaliwa," aliniambia siku ya kwanza.

Nikamsahihisha, kwa ujinga wangu. Nikamwambia si mimi iko, ni mimi niko. Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa. Mimi niko iko." Nikaona bora nimenye vitunguu.

Kiarabu changu mimi kilikuwa kibovu kuliko Kiswahili chake, na sikumbuki hata siku moja amenisahihisha.

Basi Idd ilipokaribia akapita nyumba kwa nyumba kuwaalika wanawake wa mtaa. Aliniburuta niwe naye. "Mara ta jena tai," alisema, yaani mke wa mwanangu, huku akinipigapiga bega, na mengine yalikuwa sifa nilizozielewa kwa sauti tu. Mke wa mwanawe atapika halawa, tamutamu ya Mombasa ambayo Malakia haijaionja. Na asiyemwelewa asijali, kwa sababu yeye mama mtu anakijua Kiswahili chote, atatafsiri. Nilitabasamu kama bibi harusi.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na jikoni hapakukalika. Shira ilinigomea kwanza. Niliweka kikombe cha maji kando ya jiko, kama nilivyomwona mama yangu akifanya, nikawa nadondosha shira ndani yake kuona kama inashika. Haikushika, halafu ikashika ghafla, nikatia maziwa kwa pupa, na madonge yakajaa. Nikasonga. Nikasonga kwa hasira. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, amejitanda tobu jipya la zambarau, lile shuka refu la wanawake wa huku, ananitazama. Nje uani wageni walishaanza kuingia, nasikia salamu zao na vicheko vyao, na mimi kanga yangu imeloa jasho mpaka mgongoni.

Mama akainuka, akanipokonya mwiko. "Wewe enda vaa. Mimi nageuza."

Nilimwachia. Aligeuza mara chache, akasita. "Hii iko ngumu," akasema. "Iko nakataa."

Nami nikiwa mlangoni, nimeshika gauni langu mkononi, nilimjibu kwa moyo mweupe kabisa, "Mama, tia moyo tu. Tia moyo, karibu itakuwa."

Nikaenda kuvaa. Nilipaka wanja pia, maana nilijua nitatazamwa.

Niliporudi, ndani ya sufuria mlikuwa na uji. Uji mweupe, mwepesi, unachemka taratibu, na madonge yanaelea juu. Kile kikombe cha maji kilikuwa kitupu. Mama alikuwa bado anageuza kwa bidii, jasho linamtiririka kwenye tobu lake jipya, na aliponiona akatabasamu kunionyesha kwamba sasa mwiko unakwenda vizuri.

Mimi nina hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa wakati wa chakula, nikakosa changu, na tangu hapo nimekasirika. Ningeweza kuguna. Ningeweza kucheka, nikasema tutakunywa labania mwaka huu. Badala yake nilimpokonya mwiko, nikatoka nao uani, mbele ya wageni wote waliokaa kwenye mikeka wakingoja sinia langu, na kwa sababu nilitaka waelewe, nilisema kwa Kiarabu chao. Nilikusanya kila neno nililokuwa nalo.

"Mama kubu moyo," nikasema. "Mama kubu moyo fi halawa."

Mama amemwaga maji kwenye halawa.

Neno lilipotoka mdomoni ndipo nililisikia. Moyo. Huku Juba moyo ni maji. Nililijua neno hilo, nalijua tangu wiki yangu ya kwanza. Mwenye lori la maji akisimama kwenye lango letu hulipigia kelele, nami hutoka na kumfungulia pipa. Lakini nilikuwa nimelihifadhi upande mmoja wa kichwa, na moyo wetu wa Kiswahili upande mwingine, na havikuwahi kukutana mpaka pale uani.

Mama alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni. Hakukasirika. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha tu, na aliniuliza kwa Kiswahili, "Si wewe nasema tia moyo?"

Wageni wakalidaka lile moyo, wakajua ameelewa vibaya alichoambiwa, wakaangua kicheko. Hawakunicheka mimi. Walimcheka yeye, mama aliyepita nyumba kwa nyumba akijigamba kwamba anakijua Kiswahili chote. Mmoja alimwuliza kama ndivyo atakavyotafsiri, na wengine wakazidi. Kicheko cha majirani tu, hakikuwa na ubaya, lakini yeye ni mkubwa kuliko wote pale na uwanja ulikuwa wake.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno matatu tu yangetosha: kosa ni langu. Nilisema moyo, yeye akasikia moyo, hakuna aliyekosea ila mimi niliyemtangaza. Nilisimama na mwiko wangu, samli inachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na nikanyamaza, kwa sababu kilikuwa kicheko na hakikuniangukia mimi. Naona haya hata kuandika hivyo. Nilifurahi, kwa muda mfupi sana, kwamba hakikuniangukia mimi.

Mama akarudi ndani. Alinawa mikono, akatoa biskuti za Idd alizokuwa ameziweka akiba, akawagawia wageni mwenyewe. Alikaa nao mpaka wakaondoka.

Tangu siku hiyo hakuja tena jikoni. Hakununa, hakunisema kwa watu. Asubuhi aliniuliza nimeamkaje, jioni aliniuliza kama mwanawe amepiga simu kutoka Nimule mpakani, anakoendesha lori. Lakini aliniuliza kwa Kiarabu, polepole, neno kwa neno, kama unavyosema na mgeni wa heshima. Kiswahili chake alikifunga. Yule mwanamke aliyekuwa akinisimulia habari za soko la Uganda hadi chai ikapoa hakunipa tena hata "mimi iko" moja. Kigoda kilibaki ukutani. Nilikuwa nakipita nikienda kuchukua makaa, na sikupenda kukitazama.

Nilimwomba radhi. Sijui kama iliitwa radhi. Nilimwambia "malesh," ndilo neno nililokuwa nalo. Akanijibu "malesh" vilevile, akaendelea kuchagua mchele. Malesh ni neno la kumkanyaga mtu mguu sokoni. Nilirudi chumbani nikajiona mdogo kuliko nilivyokuwa kabla ya kuiomba.

Nikampigia mama yangu Mombasa. Nilitarajia atanitetea. Alisikiliza kisa chote, akauliza jambo moja, "Ulimwaibisha mbele za watu, ukaenda kumwomba radhi pembeni?" Nikasema ndiyo. Halafu akasema maji yakimwagika hayazoleki, na kwa kuwa mwenyewe aliona ni maji kweli, akaanza kucheka, na mimi nikakata simu.

Mume wangu aliporudi safari nilimhadithia. Yeye naye alicheka mpaka nilipofika pale uani, kisha akaacha. Akasema mama yake hakuwahi kuchekwa katika nyumba ile, hata alipokuwa hana kitu. Akaenda kuoga.

Basi Jumapili moja nikawaita wale majirani. Mama sikumwambia. Walipokaa kwenye mikeka, na yeye yuko kwenye kiti chake kibarazani akishangaa kulikoni, nilisimama palepale nilipokuwa nimesimama siku ile. Kiarabu nilikuwa nimekikariri tangu asubuhi nikiwa nafua, na bado kilinipotea. Nikawaambia kwamba moyo ni maji kwao, na kwetu ni hiki, nikajigusa kifuani. Nikawaambia nilimwambia mama atie, naye akatia. Kisha nikasema, "Kalam bataal de tai." Kosa hili ni langu. Hakuna aliyecheka, na nilitamani wacheke. Mmoja alikohoa. Mama alikuwa akizikunja ncha za tobu lake.

Uso ukiniwaka, nilikimbilia jikoni. Nilikuwa nimeweka labania motoni ili niwatolee, na katika kusimama kwangu pale nje nilikuwa nimeisahau. Ilikuwa imekauka. Niliingiza mwiko ukakwama, nikakwangua, na kilichotoka kilikuwa mchanga mtupu, mkavu, wa manjano. Wageni wako uani, sinia limeshapakwa samli, na mimi kwa mara ya pili sina cha kuwapa. Nilikaa chini sakafuni, nikaegemeza kichwa ukutani.

Nikasikia kandambili zake. Mama aliingia, akakitoa kigoda ukutani, akakifuta kwa upindo wa tobu, akakaa karibu na jiko. Akachungulia ndani ya sufuria. Alitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi pale chini na wanja wangu umemwagika mashavuni.

"Tia moyo," akasema.

Nilikuwa na kikombe cha maji karibu na goti langu. Nilikishika, nikamwangalia usoni nijue ananiambia nini, na uso wake haukuniambia. Sikuthubutu kumwuliza ni moyo upi. Nilimimina maji yote, naye akanyoosha mkono kuchukua mwiko.