Msishangilie Bado

Dukani kwa Ayesha, pale mjini Dodoma panapouzwa misumari, kamba na mabomba, kulikuwa na benchi ambalo wateja wote walijua ni la mzee Gabrieli. Hakuwa na hisa katika duka lile, wala hakuwa mnunuzi wa kujivunia. Alikuwa mchimba visima kutoka Chemba, amepanga chumba kimoja mtaa wa Ipagala yeye na mwanawe Ebenezer, na siku ya kwanza alipolikalia benchi hilo alikuwa amekuja kununua kamba tu. Ayesha alikuwa ametundika televisheni juu ya makopo ya rangi, na humo ndani roketi ilikuwa imesimama ikifuka moshi kama chungu kinachokaribia kuchemka.

"Hiyo ina mtu?" Gabrieli aliuliza.

"Ina watu wanne, mzee."

Basi akakaa, kamba yake mapajani, kama aliyeambiwa kuna mgonjwa wake ndani.

Ayesha alilirithi duka kwa baba yake, marehemu Valimohamed, na tangu utotoni alipenda mambo ya anga kuliko ya misumari. Misumari ndiyo iliyompata. Kwa hiyo alifurahi kupata mwenzake, hata kama ni mzee wa sururu, akamweleza hiki na kile mpaka kuhesabu sekunde kukaisha, moto ukawaka, chombo kikapanda. Huko ilikorushwa watu walilipuka kwa makofi, wengine wakakumbatiana.

Gabrieli akasonya. "Wanashangilia nini? Watu wenyewe wamerudi?"

"Wanafurahi kwamba wameondoka salama, mzee."

"Kuondoka! Kuondoka kuna kazi gani? Hata jiwe ukilitupa linaondoka."

Tangu siku ile akawa mteja wa benchi. Ayesha alimpigia simu kila roketi ilipokaribia kurushwa, na swali la mzee lilikuwa lile lile: hiyo ina mtu? Ikiwa imebeba mitambo mitupu, hakuja. Bati likianguka, alisema, limeanguka bati. Ikiwa na watu alikuja amevaa koti, na hakuutazama ule moto ambao wateja wengine waliutolea macho. Aliwatazama wale waongozaji waliokaa mezani na vifaa vya kusikilizia masikioni.

"Hao ndio washika kamba," alimwambia Ayesha. "Yule aliye juu hana lake. Uhai wake uko kwa hao."

Kazi yake mwenyewe ilikuwa hivyo hivyo, ila kwa kwenda chini. Mchimbaji hukalia kipande cha ubao, wenzake wakamteremsha kwa kamba hadi pale anga inapobaki kama sahani juu ya kichwa chake, naye huko chini huchimba, hujaza ndoo, husubiri. Kwa miaka mingi aliyeshuka ni Gabrieli. Bega lilipomkatalia akashuka Ebenezer, na vijana wawili wa kukodi wakashika kamba. Mzee akabakiwa na kazi ya sikio. Alikaa mdomoni mwa kisima akimsikiliza mwanawe, nao waliongea Kisandawe, kwa sababu Kiswahili kikipanda kutoka shimo refu hufika kimevurugwa na mwangwi, lakini zile sauti za ulimi za kwao, zinazolia kama kijiti kinachovunjika, hufika moja moja. Vijana wa kamba hawakuijua lugha hiyo. Walimtazama mzee, na akisema vuta, walivuta.

Tena alikuwa na sharti. Kila kijiji walichofika, kabla sururu haijagusa udongo, aliwakusanya wenyeji akawaambia kwamba maji yakionekana wasishangilie. Hakuna kigelegele, hakuna ngoma, hakuna makofi, mpaka aliye chini atoke na miguu yake ikanyage nje. Akiita nisimsikie, alisema, nimemzika. Wengi walimwona mzee wa nuksi, lakini walikubali.

Siku moja alimuuliza Ayesha kama wale wa angani wana kamba yoyote.

"Hawana, mzee. Wana redio."

"Na wote hao mezani wanaongea nao?"

"Hapana. Kwa kawaida anayeongea nao ni mmoja tu. Wengine wanampa yeye la kusema."

"Hapo wamefanya la maana," Gabrieli akakiri. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama wapo waliowahi kutorudi.

Ayesha hakutaka kumdanganya. Alimweleza habari za saba waliopotea chombo kikiwa ndiyo kwanza kinapanda, jamaa zao wakitazama kwa macho yao. Akamweleza na wengine saba, miaka mingi baadaye, waliokuwa wamemaliza kazi yao na wanarudi, wamebakiza dakika chache watue, na pale walipotarajiwa kutua familia zao zimeshafika kuwapokea.

Gabrieli alishika tama. Hao wa pili ndio waliomkaa rohoni. Usiku ule hakula, na Ebenezer alipomuuliza kulikoni, alisema tumbo.

Jumapili moja Ebenezer naye alikuja dukani kuona kinachomlevya baba yake. Alikuwa kijana wa vichekesho, mabega mapana, kucha zimejaa udongo usiotoka hata kwa sabuni.

"Baba, hawa wamekalia moto," alisema. "Wewe unaniogopea udongo?"

"Nakuogopea, ndiyo. Acha kazi hii, mwanangu. Nenda Kibaigwa ukabebe magunia ya mahindi."

"Magunia yatanivunja mgongo, na huko simjui mtu. Kule chini angalau niko na wewe."

Gabrieli alirudisha macho kwa washika kamba. Mke alishamzika, watoto wengine hawakuishi, na huyu aliyebaki alimpenda kwa mapenzi yasiyompa raha hata siku moja. Kila kamba ilipoanza kuteremka, moyo wake uliteremka nayo.

Mwishoni mwa kiangazi waliitwa kijiji kimoja ng'ambo ya Kolo. Watu wa pale walikuwa wamechimbiwa mashimo mawili na mafundi wengine, yote makavu, na wanawake walitoka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa mto. Gabrieli alisema sharti lake. Mwenyekiti wa kijiji akaitikia, wanawake wakaitikia, na wote walikuwa wakweli walipoitikia.

Shimo lilipita udongo mwekundu, likapita jiwe laini, likaingia kwenye mchanga. Gabrieli hakuupenda ule mchanga. Alimuuliza mwanawe hali ikoje, Ebenezer akajibu kuna ubaridi. Baada ya kitambo akasema, baba, miguu imelowa. Gabrieli hakumwambia mtu, alitaka kwanza amtoe. Lakini ndoo ilikuwa njiani, na ilipofika juu ilikuwa na tope linalovuja. Mama mmoja aliyesimama karibu alitia mkono, akautoa umelowa, akaupaka usoni.

Kigelegele cha kwanza kilimtoka bila yeye kujua. Kikafuata cha pili, halafu kijiji kizima. Watu walirusha kofia. Vijana wa kamba waliifunga mtini kamba ya kumvutia Ebenezer, nao wakabebwa juu juu kama wachezaji waliotwaa kombe. Gabrieli alilala kifudifudi, kichwa ndani ya shimo, na katikati ya makelele yale alisikia kijiti kikivunjika. Kimoja tu. Neno lenyewe halikufika.

"Nyamazeni!" alipiga kelele. "Nyamazeni jamani, ananiita!"

Waliuona mdomo wake uko wazi wakadhani naye anashangilia. Mwanamke mmoja alimwinamia, akamshika mkono ili amwinue wacheze. Gabrieli alijinasua, akaikimbilia kamba, akavuta kwa bega lake bovu, na kamba haikusogea. Mpaka mtu mmoja alipouona uso wake, naye akamgusa mwenzake, na kimya kikasambaa kutoka kwa mtu hadi mtu, kilichosikika kutoka shimoni ni mchanga ukimiminika polepole, kama mahindi yanayomwagwa kwenye gunia. Kisha nao ukatulia.

Wanaume wa kijiji ndio waliomchimbua Ebenezer, wengi wao wakilia. Gabrieli alitafuta hasira akaikosa. Angewakasirikia vipi watu walioona maji? Kisima kilifukiwa, maana nani angekunywa mle, na wanawake wakarudi kwenye mchanga wa mto. Hakuna aliyepata chochote. Mwenye kutaka faraja katika habari hii aitafute kwingine, mimi sikuiona.

Ayesha alikwenda msibani Ipagala, akatoa pole, na baada ya hapo hakupiga tena ile simu yake. Angeanzaje? Roketi zilipanda na kushuka, benchi likawekewa makatoni ya gundi. Halafu mchana mmoja mzee akaja mwenyewe, koti lile lile, akayasogeza makatoni akakaa. Kwenye televisheni chombo kilikuwa kimesimama kinafuka.

"Shikamoo, mzee. Nizime?"

"Marahaba. Hiyo ina mtu?"

"Ina."

"Basi acha."

Kuhesabu kuliisha, moto ukawaka, chombo kikapanda kikawa nukta, na wale wa mezani, washika kamba, wakainuka wakaanza kupiga makofi.

Gabrieli alisimama. "Nyamazeni!"

Wateja wawili waligeuka, mmoja akacheka akidhani ni utani.

"Nyamazeni! Kuna watu mle ndani! Mtawasikiaje wakiita?"

Yule aliyecheka akainamisha kichwa. Ayesha alichukua rimoti akapunguza sauti mpaka ikaisha. Mzee alisogea ukutani, akapanda juu ya kopo la rangi, akaegemeza sikio kwenye kioo cha televisheni na kufumba macho. Wale watu waliendelea kupiga makofi bila sauti karibu na shavu lake, na Gabrieli akaendelea kusikiliza.