Baba Alivyotusikiliza

Mtaa mzima ulijua kuwa baba yangu ni msikivu. Mwenyewe ndiye aliyewaambia, kila jioni barazani, na aliyetaka kutia neno alitakiwa angoje kwanza amalize.

Miaka michache baada ya mapinduzi, dada yangu akisomea ukunga, kijana mmoja wa Makunduchi alileta posa. Baba akatukusanya.

"Nyumba hii kila mtu ana sauti yake," alisema, kisha akaitumia ya kwake mpaka chai ikapoa. Mwisho akamgeukia dada. "Haya, mwanangu, unasemaje?"

"Sitaki, baba. Nnataka nimalize masomo kwanza."

Baba akatabasamu. "Mmemsikia? Mtoto aliyelelewa hukubali kwa haya."

"Kasema hataki," mama alisema.

"Ndivyo wanavyosema wote."

Dada akarudia, safari hii kwa sauti.

"Na furaha imemzidi," baba akasema, akafungua redio asikilize habari. Hiyo aliisikiliza kweli. Hata kukohoa tulikatazwa.

Posa ikajibiwa kuwa imekubaliwa. Dada hakubishana tena. Siku ya mapumziko akanichukua mimi, mdogo wake, tukapanda gari la Makunduchi hadi kwa mama wa yule kijana. Tulimkuta uani anasokota kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Dada akamweleza yote. Bibi yule akaweka kamba chini na wala hakumkatiza. Dada alipomaliza, bibi akamuuliza, "Hutaki mwenyewe, au umetumwa useme hivyo?"

"Mwenyewe, bibi. Mwanao sina ubaya naye."

"Basi. Nitamwambia mimi." Akatuandalia muhogo na samaki, kisha akasema taratibu, "Babako katwambia ulilia kwa furaha."

Dada akacheka mpaka akapaliwa. Njia nzima ya kurudi nilimwona mwepesi, kama aliyetua mzigo.

Haikupita wiki, wazee wa Makunduchi wakaja kwa adabu kuiondoa posa. Dada alimaliza masomo, akaanza kazi ya kuzalisha.

Baba naye alikuwa na lake la kusimulia. "Mimi binti yangu nilimsikiliza tangu siku ya kwanza," nilimsikia akiwaambia wenzake barazani. "Kasema hataki, nikakataa. Wazee wengine, bwana, hawasikii."

Mama alikuwa ndani, anapepeta mchele karibu na dirisha. Alizidi kupepeta tu, kwa nguvu, mpaka chenga zikaruka nje.