Mbao za Kukatia za Mama Seche

Siku yangu ya kwanza jikoni, kwenye mgahawa mmoja wa Makole, niliosha mbao zote za kukatia nikazilaza juani kwenye kichanja pamoja na masufuria. Kwetu Hombolo kila kilichooshwa kilikwenda kichanjani. Mpishi mkuu, Mama Seche, akatoka na mwiko mkononi.

“Binti, unaanika dagaa?”

Wapishi walicheka. Yeye akanionyesha: jua la Dodoma na upepo wake hukausha upande wa juu wakati wa chini bado una maji, ndipo ubao unapopinda na kupasuka. Usimamishwe kwa ubavu, kivulini, hewa ipite pande zote mbili. Nilishinda nikiogopa kufukuzwa. Mimi ni mtu wa wasiwasi; kosa dogo hunikaa kifuani wiki nzima.

Mengine nilijifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kujaribu. Ninyi mnaoanza, shikeni haya: chumvi na ndimu huondoa harufu ya kitunguu, msasa laini hufuta makovu ya kisu. Kupaka ubao mafuta ya alizeti niliacha, maana yalinata na kuchacha. Nikaenda duka la dawa kutafuta parafini ya kunywa, ile wanayopewa wenye choo kigumu.

“Pole, dada. Tangu lini?” muuzaji akauliza.

“Si yangu. Ni ya ubao.”

Akanitazama kwa huruma zaidi.

Niliipasha moto pamoja na nta ya nyuki hadi nta ikayeyuka, nikapaka. Tone la maji likasimama juu ya ubao kama shanga. Sijawahi kuipenda kazi ya mikono yangu kama siku ile.

Ila sikumwamini mtu mwingine kuziosha mbao zile. Sabuni ikanila, vidole vikapasuka. Daktari akasema niache kazi ya maji, la sivyo havitapona. Nikavaa glavu, nikaficha. Mama Seche akanivua moja mbele ya karai.

“Toka hapo.”

“Mama, watazilaza juani!”

“Wakilaza nitawafokea kama nilivyokufokea wewe. Ubao ukipasuka, fundi atachonga mwingine. Vidole nani atakuchongea?”

Ndivyo nilivyostaafu, na hata miaka thelathini sijafika. Sasa nauza nguo za watoto. Vidole vimepona. Ninachokikosa ni ile asubuhi, visu vinagonga mbao kwa pamoja, watu wanabishana na machozi ya vitunguu yanawatoka.

Mwezi uliopita nilikwenda kula pale. Miguu ikanipeleka jikoni kwa mazoea. Mama Seche akanikuta mlangoni.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wateja hukaa kule.”

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma. Nikakaa. Nikaletewa kachumbari iliyokatwa na mtu nisiyemjua, vitunguu vyembamba, vimelingana. Nilitafuta kosa. Sikuliona.