Nusu ya Mwenzako

Mimi nilizaliwa na mwenzangu, na kama wewe ulizaliwa peke yako, huna la kunifundisha juu ya kugawana. Watu wanakatiana kipande cha mkate na kujisifu wiki nzima. Sisi nyumbani kwetu, katika kambi ya wafanyakazi pale Élisabethville, mji wa shaba wa Katanga, tuligawana hata kufagia. Mimi nilitoka tumboni kwanza, kwa hiyo nilikuwa yaya, yaani dada mkubwa, na upande wangu ulikuwa wa juu. Mdogo wangu upande wa chini. Uani, mimi nilifagia kuanzia mlangoni mpaka jikoni, yeye kuanzia jikoni mpaka barabarani. Aliyetangulia, iwe kula, iwe kuosha vyombo, alifanya nusu yake akasimama. Nusu ya mwenzako huigusi, hata kama hayupo, hata kama inapoa na nzi wanatua juu yake.

Sheria hiyo ilikuwa ya mama. Aliitoa kwao, kaskazini ya Katanga, na hakucheza nayo. "Mapasa habamalizaka bintu," alikuwa akisema. Mapasa ndiyo sisi, mapacha: hatumalizi vitu. "Ukimaliza yote, umekula ndugu yako." Hakuwa anatutisha kwa hadithi. Mama yake mwenyewe alizaa mapacha, mmoja akapewa chakula chote na shangazi asiyejua mambo, na yule mwingine hakuumaliza msimu wa mvua. Mama aliyaona hayo kwa macho yake akiwa msichana mdogo. Kwa hiyo usimcheke. Mimi sijawahi kumcheka, na nimesoma kuliko wengi wanaomcheka.

Tulikuwa mwaka wa tano katika shule ya masista. Mwisho wa mwaka ule walichaguliwa wasichana wachache wa kuendelea na masomo ya ualimu. Waliobaki walipelekwa cherehani, ndivyo tulivyosema: kushona, kupika, kupiga pasi, mpaka mtu aje kukuoa. Baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye tanuru za shaba, alitaka ualimu mpaka akawa anauzungumza usingizini. Mama alikubali kwa sharti moja: wote wawili, au hakuna hata mmoja. Mmoja akienda na mwingine akabaki, hiyo kwake ilikuwa ni kumla ndugu vilevile. Baba alijua mkewe hatanii. Hivyo mmoja wetu akianguka, ameanguka na mwenzake.

Na tuliweza masomo, sisemi kwa majivuno. Hatukuwa na wasiwasi wowote mpaka alipokuja yule mwanamke wa vipande.

Alikuwa msichana wa Kizungu, mrefu, katoka Ubelgiji juzijuzi, shingo yote imeunguzwa na jua. Masista walituambia kuwa ni mwanasaikolojia, kazi yake ni kupima akili za watoto na kuona nani anafaa kwa nini. Mwalimu anaweza kukosea, walisema, yeye hakosei. Kambini maneno yakaruka: kuna Mzungu anafungua watoto vichwa. Jirani yetu mmoja alimkimbiza binti yake kijijini Kasomeno kwa bibi, asije akafunguliwa, na mtoto akapoteza mwaka mzima bure. Ukweli ni kwamba yule dada alikuwa na sanduku la vipande vya mbao, vyekundu na vyeupe, na kadi zenye michoro, na saa ndogo aliyoibonyeza kwa kidole gumba. Anakuonyesha mchoro, unaupanga kwa vipande, saa inakwenda. Basi. Leo nasema basi. Wakati ule nilikwenda chooni hata sijui mara ngapi.

Kuna jambo moja hakulijua. Kwetu kila mtoto ana jina lake mwenyewe, hatubebi jina la ukoo, na sisi wawili hatukufanana hata kidogo: mimi mrefu, mweusi tii, mwenzangu mfupi, maji ya kunde. Kwake tulikuwa wasichana wawili tu kati ya wengi. Masista walijua, lakini nani angefikiria kumwambia?

Mwenzangu aliitwa kwanza. Nilikaa kwenye benchi barazani, mlango umeachwa wazi kidogo kwa ajili ya joto, nikasikiliza vipande vikigonga meza. Vilikwenda mbio, tak tak tak, halafu kimya. Kimya kirefu, mpaka saa inabonyezwa. Kadi nyingine, tak tak tak, kimya tena. Ule mkono wa haraka niliujua. Kile kimya ndicho kilichonitia baridi.

Alitoka na uso mkunjufu kabisa. "Nimekuachia yako, yaya," akaninong'oneza. "Ile ya juu. Haiko nguvu." Alimaanisha si ngumu.

Nikapumua. Elewa vizuri: hakuna kati yetu aliyeona kosa lolote. Kuingia peke yako katika chumba cha Mzungu na kumaliza kila kitu kilichoko mezani wakati ndugu yako anangoja nje, hiyo ndiyo ingekuwa aibu.

Nikaingia. Sista mkuu wa shule alikuwa ameketi nyuma ya mwanasaikolojia. Nikapewa kadi ya kwanza. Nikaitazama, nikapanga nusu ya juu, nusu yangu, nikaacha mahali pa chini wazi pa mwenzangu, nikaweka mikono mapajani. Saa ikaendelea. Nilijivunia kazi yangu, maana mistari ilinyooka. Akabonyeza. Kadi ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo.

Sista mkuu akasema kwa Kifaransa, bila hata kupunguza sauti, kama vile mimi ni kiti: "Huyu naye ni kama yule wa kwanza. Anaanza vizuri, anakwama. Wote wawili cherehani."

Kifaransa nilikuwa nakisikia vya kutosha.  Nilitaka kusema kwamba sijakwama, nimemaliza, lakini mtoto hakumjibu sista asipoulizwa. 

Mwanasaikolojia alikuwa anatazama vipande vyangu, na lile pengo la chini. Kisha akanyoosha mkono, akachukua vipande nilivyoviacha, akaanza kuvipanga chini ya vyangu, polepole, anakumbuka kimojakimoja jinsi mwenzangu alivyovipanga. Mchoro ukatimia. Akakaa akiutazama. Halafu akaniuliza kwa kile Kiswahili chao cha kuagizia wapishi: "Ule wa kwanza, iko nani kwako?"

"Iko mwenzangu, Madamu. Tulizaliwa siku moja. Nusu ile ni yake."

Sista mkuu akawa mwekundu. Mimi nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Yule dada alieleza, na alieleza kwa upole, kwamba amefahamu, lakini kipimo ni cha mtoto mmoja, kazi nzima. Hawezi kuunganisha nusu mbili. Anazo kadi nyingine ambazo hatujaziona, na Jumamosi atatupima tena, mara hiyo tu, kwa sababu kadi nyingine zaidi hana. "Ambia mama: kila mutoto peke yake. Lazima amalize." Ule upole wake ndio ulionifanya nimchukie. Mtu akikuvunjia nyumba, afadhali akuvunjie kwa ukali.

Niliyapeleka maneno nyumbani. Mama alikuwa anasonga bukari, yaani ugali, hakugeuka. Baba ndiye aliyesema.

"Ile ni mbao, Mama Mapasa. Mbao ya kuchezea. Haiko chakula."

"Kama iko ya kuchezea, juu ya nini banafungia batoto masomo?"

Baba akakunja mikono ya shati, tukaona makovu ya tanuru. Akasema, "Miye naungua ku moto kila siku juu ya hawa."

"Na miye nilibazaa," mama akasema. "Ukizika mumoja, masomo itakurudishia?"

Hawakupigiana kelele. Afadhali wangepigiana. Siku zote zile tulipokula mama alitukodolea macho, anapima kila tonge. Mwenzangu akaacha kula vizuri. Ijumaa, tunateka maji, akaniuliza bila kunitazama: "Nikimaliza, utakufa?"

Nikamwambia sijui. Ndiyo kweli, sikujua. Nikambebea ndoo yake upande mmoja, kama siku zote, lakini nilikuwa namwogopa, na yeye alikuwa ananiogopa mimi. Hatukuwahi kuogopana kabla ya hapo.

Jumamosi baba alitusindikiza, na mama naye akaja nasi. Hakuna aliyemwomba. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akatembea nyuma yetu bila neno, na tulipofika akakaa kwenye ngazi ya baraza, shule ameipa mgongo. Mimi na baba tukakaa kwenye benchi. Safari hii mlango uliachwa wazi kabisa.

Mwenzangu akapewa kadi. Tak tak tak, nusu ya chini ikatokea, safi, haraka kuliko mtu anavyoweza kuisimulia. Akasimama. Mkono wake ukabaki juu ya vile vipande vingine, hauvichukui, hauviachi. Saa inakwenda. Mwanasaikolojia hakuweza kusema kitu. Kazi ile ndivyo ilivyo, ukimsukuma mtoto umeharibu kipimo. Niliona shingo yake inazidi kuwa nyekundu. Naye alikuwa anateseka. Hilo sikulitegemea. Mwenzangu akainua macho, akanitafuta nje. Nikatazama miguu yangu. Baba alikuwa ananong'ona karibu nami, "Maliza, mwanangu, maliza, mwanangu," kama mtu anayesali rozari, na hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi.

Mama akainuka. Aliingia bila kubisha hodi, mkono wa kulia ameufumba ngumi, ameubana kifuani. Sista mkuu akasimama ili amtoe. Mwanasaikolojia akainua kiganja kumzuia sista, bila kuondoa macho kwa mtoto, na saa hakuisimamisha.

Mama alisema kwa Kiluba, lugha ya kwao, taratibu, kama anavyosema na mtoto mwenye homa: "Nusu ya yaya yako nimekwisha kuipokea mimi. Iko humu mkononi. Iliyoko mezani yote ni yako. Maliza."

Mwenzangu aliitazama ngumi ya mama. Aliitazama sana. Kisha tak tak tak, mpaka mwisho.

Akapanga kadi zote, zile nyepesi na zile ngumu. Mama alisimama vilevile mkono kifuani. Zamu yangu ilipofika, akafumba na wa kushoto. "Ya mudogo wako iko huku." Nami nikamaliza. Nilimaliza kwa hasira, vipande vinaruka mezani, na nitasema lililo kweli: nilifurahi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba kumaliza kitu ni kutamu hivyo.

Saa ikabonyezwa mara ya mwisho. Mwanasaikolojia akamgeukia sista. "Wote wawili," akasema. "Ualimu." Akainuka, akamnyooshea mama mkono amshukuru. Mama hakuupokea. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefumbwa. Yule dada akaelewa, au labda hakuelewa, akarudisha mkono wake na kuinamisha kichwa kidogo. Tangu siku hiyo sikumchukia tena.

Njiani baba alicheka peke yake. Alisalimia hata watu asiowajua, akapitia sokoni na kununua samaki mkubwa kutoka Kasenga, aina anayopewa mgeni. Mama hakucheka wala hakununa. Nilitaka kumwuliza kilichokuwa mkononi mwake, nikaogopa jibu. Alifika, akafumbua mikono, akawasha moto.

Samaki akaiva. Mama akampakua mzima kwenye sahani moja katikati yetu, kichwa kwangu na mkia kwa mwenzangu, akaweka bukari kando. Mimi nilikuwa bado nanawa mikono. Mwenzangu alikuwa na njaa ya siku nyingi, akatangulia. Akala mkia. Akala mpaka katikati, pale mahali petu pa kusimama, mahali ambapo hata ukitufumba macho vidole vyetu vinapajua. Akapita. Nikadhani amejisahau, atasimama. Akala tumbo, akala shingo, akafungua kichwa na kunyonya mifupa yake, mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu kabisa. Baba alikuwa anasimulia kitu, akageuka kumtazama.

"Na yangu?" nikauliza.

"Yako iko kwa mama," akanijibu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama unavyomjibu mtu anayeuliza ufagio uko wapi.

Nikamgeukia mama. Mama aliinuka upesi, akaenda kufunua sufuria, ingawa ni yeye mwenyewe aliyepakua na alijua haina kitu.