Fidia ya Mguu wa Kunegunda

Kabla ya kubeba zege, Kunegunda hakuwahi kuajiriwa na mtu. Alizaliwa Lusewa, akalima kwa wazazi wake, akaolewa mjini Songea, akalima tena kwenye shamba la kukodi Mshangano. Mumewe, Polikarp, alikuwa mpima mizani katika ghala la chama cha ushirika. Mwaka 1993 chama kikapunguza watu. Wafanyabiashara binafsi walikuwa wameanza kuyafuata mahindi wenyewe mashambani, ghala likabakia na popo, na Polikarp akabakia na sare yake ya kaki. Aliendelea kuivaa. Kila asubuhi aliketi nayo barazani pale Bombambili kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mbolea iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya serikali, sasa iliuzwa kwa bei ya muuzaji. Shamba la kukodi bila mbolea halilishi watoto. Kunegunda akaamua kwenda saiti.

Mji ulikuwa unajengwa. Watu waliokuwa wakificha fedha zao chini ya magodoro sasa walizitoa hadharani, wakajenga maduka, mashine za kusaga, nyumba za wageni. Kontrakta mwenye kazi nyingi kuliko wote alikuwa Hironimus, mtu wa hapohapo Bombambili na mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya kanisa alimokuwa akisali Kunegunda. Jumamosi alfajiri ndiye aliyeongoza sala, leo nyumbani kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kwa hiyo Kunegunda alipomwendea kwenye nyumba ya wageni ya ghorofa aliyokuwa akiijenga, hakujiona anakwenda kwa mgeni.

"Mama Leticia, kazi ya zege ni ya wanaume," Hironimus alimwambia.

"Zege ni zito kwa kila mtu, mwenyekiti. Nipe karai."

Akampa. Kunegunda akawa mmoja wa wanawake waliopandisha zege kichwani, wakifuata njia ya mbao iliyolazwa juu ya miti ya mirunda iliyofungwa kwa kamba za katani. Aliizoea ile njia ikicheza chini ya nyayo zake. Hakupenda kuchezewa. Siku msimamizi alipowanyima wanawake muda wa kunywa uji, alilitua karai lake katikati ya njia na kuketi juu yake mpaka uji ulipokuja.

Fundi aliyekuwa akipokea zege kule juu aliitwa Daimu, mwashi wa Kiyao kutoka Tunduru, mtu wa swala tano na maneno machache. Asubuhi moja Kunegunda alikuwa chini akijaziwa karai, akamsikia Daimu akimwambia Hironimus:

"Bosi, kamba hizi zimeoza. Zimenyeshewa saiti mbili. Tuzifunge upya kabla hatujamwaga slabu."

"Tumalize slabu kwanza. Kamba tutanunua kazi ijayo."

"Watu wanapita juu yake, bosi."

"Wapite polepole."

Siku ya kumwaga slabu, sakafu ya ghorofa, hapakuwa na mtu wa kupita polepole. Zege likishachanganywa halingoji. Kunegunda alikuwa amekaribia juu kabisa kamba zilipokatika. Njia ikajikunja, akaanguka na karai lake, na mrunda mmoja ukamfuata ukatua juu ya mguu wake wa kulia. Hakuzimia. Alilala ndani ya zege bichi, mdomo umejaa mchanga, akasikia kila kitu. Akawasikia wenzake wakipiga kelele. Kisha akamsikia Hironimus.

"Huko juu endeleeni! Zege lisigande!"

Daimu alilitupa koleo lake, akashuka kwa kuning'inia ukutani, akavua shati na kumfunga paja damu isizidi kutoka. Ndiye aliyesimamisha pikapu ya mwuza mkaa barabarani na kumpakia.

Kule hospitali ya misheni walijitahidi, lakini mfupa ulikuwa umesagika. Mguu ukakatwa juu ya goti. Hironimus alikuja na sukari na machungwa, akasimama kando ya kitanda, akasali kwa sauti nzuri.

"Mungu ana mipango yake, Mama Leticia," alisema alipomaliza.

Kunegunda alikuwa bado na mchanga wa zege kwenye nywele.

Aliporudi nyumbani na magongo, alimkuta mbuzi amefungwa nyuma ya jiko.

"Wa nani huyu?"

"Wameleta watu wa jumuiya," Polikarp alisema bila kumwangalia. "Katoa mwenyekiti. Ni pole. Anasema tuyamalize nyumbani."

"Mrudishe."

"Kune, tutakula nini? Tena yule ni mlongo wetu." Alilitumia neno la Kingoni la ndugu, kama alivyofanya kila alipotaka kumlainisha.

"Mlongo? Mlongo aliyesema zege lisigande, na mimi nimelala ndani yake?" Sauti yake ilisikika mpaka kisimani. "Mguu wangu ni wa kubadilishana na mbuzi, Polikarp? Na wewe ukamfunga kamba ukanyamaza? Mrudishe mchana huu, watu wakiona."

Polikarp alimrudisha mbuzi, amevaa kaki yake, akipita katikati ya mtaa huku mnyama akigoma kila hatua chache. Watu walicheka. Alirudi amevimba kwa aibu, na siku mbili hawakusemeshana.

Siku ya tatu yeye mwenyewe alisafisha kiti cha nyuma cha baiskeli, akakifungia gunia lililokunjwa. "Twende basi huko unakotaka kwenda," alisema.

Walikwenda kwa Afisa Kazi. Alikuwa kijana anayeitwa Dastan, aliyeinuka kumpisha kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekatwa mguu na mtu anayesali. Nataka kujua sheria inasemaje."

Dastan alimsikiliza mpaka mwisho. Kunegunda alipomwambia kwamba hana barua ya ajira, kwamba alikuwa kibarua tu, yule kijana alitikisa kichwa.

"Hilo lisikutishe. Kazi yake ni kujenga, na wewe ulikuwa unamjengea. Mbele ya sheria hii wewe ni mfanyakazi wake, uwe na barua usiwe nayo." Kisha akamweleza kwamba njia ziko mbili. "Ya kwanza ni fidia ya sheria. Hapo hatuulizi nani amekosea. Tunauliza kama ulikuwa kazini na kama uliumia kwa kazi hiyo. Daktari anapima ulemavu, mahakama inaamuru ulipwe. Ila viwango vyake vimewekwa siku nyingi, mama, shilingi ilipokuwa shilingi. Njia ya pili ni kumshtaki kwa uzembe. Huko unaweza kupata zaidi. Lakini lazima uthibitishe kosa lake, uwe na wakili, na uwe na pumzi ya kungoja. Na huwezi kulipwa mara mbili kwa ajali moja."

"Nataka hiyo ya pili."

"Wakili utamlipa na nini?"

Kunegunda alimgeukia mumewe. Polikarp alikuwa akichezea kifungo cha kaki.

"Kwa hiyo," Kunegunda alisema baadaye, "hii ya maskini haiulizi nani amekosea?"

"Haiulizi, mama."

"Basi ni aliyekosea inayempendelea."

Dastan alichukua maelezo yake yote, akamwita kontrakta. Kunegunda alitoka pale na hasira kubwa kuliko aliyoingia nayo.

Jibu la Hironimus lilikuja upesi. Alisema hamjui Kunegunda kama mfanyakazi. Anamjua kama mama wa vitumbua, aliyezoea kuja saiti kuwauzia mafundi, na siku ile alipanda ile njia bila ruhusa kumdai fundi mmoja. Alisikitika sana kama Mkristo, lakini hakuwa mwajiri wake.

Vitumbua! Kunegunda hakuwahi kukaanga kitumbua kimoja cha kuuza maishani mwake. Alicheka kicheko kibaya kilichowatisha watoto, halafu akalirusha gongo moja, likavunja chungu.

Wabebaji zege wenzake walijua ukweli. Lakini Hironimus alikuwa amepata kazi nyingine kubwa, Mshangano, na kila mmoja alitaka kuchukuliwa. Mmoja wao alikuja kwa Kunegunda jioni, akalia mlangoni.

"Nisamehe, dada. Nina watoto."

"Na mimi hawa wangu niliwaokota?" Kunegunda alisema, na hakumkaribisha ndani.

Siku ya kesi, Hironimus aliketi mbele na rozari mkononi. Dastan alisimama upande wa Kunegunda. Shahidi wao alikuwa mmoja tu. Daimu aliingia amevaa kanzu iliyofuliwa, akashika msahafu, akaapa.

"Huyu mama alikuwa anafanya nini pale saiti?" Dastan alimwuliza.

"Alikuwa ananiletea zege. Kila siku. Wallahi, ukuta wa mashariki wote umepita kichwani mwake."

"Hujawahi kumwona akiuza vitumbua?"

"Ningevila, bwana. Tulikuwa na njaa."

Watu wakacheka, na hakimu akagonga meza. Daimu hakucheka. Aligeuka akamtazama Hironimus. "Na kamba zilikuwa zimeoza, mheshimiwa. Nilimwambia bosi kwa mdomo wangu. Akasema watu wapite polepole."

"Shahidi, hilo halihusiki hapa," hakimu alisema. "Tunachotaka kujua ni kama alikuwa kazini."

Gongo liligonga sakafu. Kunegunda alikuwa amesimama.

"Linahusika, mheshimiwa! Ndilo lenyewe hilo! Mimi sikuangushwa na Mungu, niliangushwa na kamba, na huyu alijua!"

"Mama, keti."

"Nitakaaje wakati—"

"Mama, keti, au nitaamuru utolewe."

Polikarp ndiye aliyemshika mkono. Aliketi, na maneno yake hayakuandikwa popote.

Alishinda. Hakimu alisema alikuwa mfanyakazi na aliumia kazini, na akaamuru alipwe kwa kiwango cha sheria. Alikisoma kwa sauti ya chini, na watu chumbani wakaguna, kwa kuwa kila mtu alijua bei za sokoni. Hironimus aliposikia ni kiasi hicho tu, alipumua, akaitia rozari mfukoni. Fedha zilipotoka, baada ya kuahirishwa na kuahirishwa, zilitosha mifuko michache ya mbolea na bati za jiko. Kunegunda alizipokea. Angefanyaje? Alimpeleka Polikarp shambani na ile mbolea, akabaki nyumbani akiwaambia waliokuja kumpongeza waende wakampongeze aliyelipa, kwa sababu ndiye aliyepata.

Kilichomchoma zaidi ni Daimu. Baada ya kesi hakuna kontrakta Songea nzima aliyemtaka. Alizunguka na mwiko wake mpaka Ramadhani ikaingia, kisha akaja kuaga.

"Narudi Tunduru, kwenye mikorosho ya baba."

"Nimekuharibia kazi, kaka yangu."

"Aliyeniharibia unamjua, dada. Si wewe."

Kesho yake alfajiri Kunegunda alimwamsha Polikarp, akapanda nyuma ya baiskeli, wakaenda Mshangano. Alisimama kwa magongo yake penye lango la saiti mpya ya Hironimus, na kila kibarua aliyefika alimwonyesha lile gauni lililoning'inia mahali pasipo na mguu.

"Tazama kamba kabla hujapanda," aliwaambia. "Na ukiumia usikubali mbuzi. Nenda kwa Afisa Kazi, hata kama huna barua. Halafu muombe Mungu akupe shahidi, maana hawa wenzako watanyamaza."

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Hironimus akatoka.

"Mama Leticia, ulishalipwa. Unataka nini tena?"

"Nililipwa mguu. Vitumbua bado."

"Nitaita polisi."

"Waite. Waje niwaeleze na wao."

Polikarp, ambaye hakuwahi kumwinulia mtu sauti, aliiegemeza baiskeli kwenye lango, akaja akasimama kando ya mkewe. "Mwenyekiti," alisema, "sema tu kwamba alikuwa mfanyakazi wako. Sema mbele ya hawa, twende zetu."

Hironimus aliangalia vibarua waliokuwa wameacha kazi kuwasikiliza. Kisha akarudi ndani. Polisi hakuwaita. Mchana wanawake wawili walikataa kupanda mpaka waonyeshwe kamba, wakafukuzwa, na siku iliyofuata nafasi zao zilikuwa na watu.

Mwaka huo jumuiya ilichagua viongozi. Kunegunda alikwenda, akasimama, akasema asichaguliwe mtu aliyesema uongo. Wakainamisha vichwa. Mmoja akakohoa. Kisha wakapiga kura, na Hironimus akawa mwenyekiti tena, wakampigia makofi.

Kunegunda hakungoja sala ya kufunga. Alihamia jumuiya ya ng'ambo ya mto, ambako ni kupanda mlima mtupu, na kila Jumamosi mtaa ulisikia magongo yake yakipita mlangoni kwa mwenyekiti. Hakusalimia.