Jivu Nililomwaga Juu ya Samadi

Hakuna jambo la samadi linaloweza kunishangaza. Nimeishika kwa mikono hii tangu nilipoacha shule darasa la sita, na waliosoma kunipita wamekuja kwangu kuuliza.

Siku ya kwanza kazini ilikuwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, huko Nchiru. Meneja alinipa sepetu, akanionyesha zizi. "Kijana, hapa hatulipi pua, tunalipa mgongo." Kufika saa nne macho yangu yalikuwa yanatiririka. Nyapara akacheka: "Samadi ikikuchoma hivyo, ujue ina nguvu!" Neno hilo nililibeba miaka mingi kama cheti.

Kutoka hapo nikaenda shamba la kahawa Embu, nikawa nyapara mwenyewe. Msimamizi wa huko alinifundisha kutengeneza mboji, yaani samadi iliyolundikwa pamoja na majani hadi ikaoza. Lakini mazoea ya kutia jivu niliyatoa kwetu. Mama yangu, kama akina mama wote wa huku, kila asubuhi alizoa jivu la mafiga akalimwaga juu ya lundo. Nilipofungua biashara yangu ya kuuza samadi huko Mikinduri, nilichukua jivu la hoteli kwa magunia, na lundo nikaligeuza kila siku. Wateja wakasema samadi ya Baba Mwenda, ndiye mimi, unaisikia harufu kabla hujaiona.

Halafu akaja Mama Kendi, mjane aliyenunua kwangu kila msimu. Mahindi yake yalikuwa yamegeuka manjano. Alikuja na afisa wa kilimo, msichana mwenye gambuti safi za mpira.

"Baba Mwenda, uliniuzia nini? Watoto wangu watakula mabua?"

"Nilikuuzia samadi. Ya mvua muulize Mungu."

Afisa akainama juu ya lundo, akakohoa. "Mzee, hiki kinachochoma macho ni amonia. Ni naitrojeni, chakula chenyewe cha mahindi, inatoroka na hewa. Jivu ndilo linaifukuza. Na wewe unageuza lundo kila siku, unaifungulia mlango."

"Nilikuwa nazoa mavi kabla mama yako hajaolewa!"

"Na yamekuwa yakikutoroka tangu siku hiyo."

Mama Kendi alicheka mpaka akashika kiuno. Hicho kicheko kilinichoma kuliko amonia.

Nikasema, tupime. Lundo langu nililimwagia jivu na kuligeuza kila siku. Afisa lake alilichanganya na mabua makavu yaliyokatwakatwa, yanyonye mkojo, akalifunika kwa majani ya migomba, akaliacha litulie. Mboji zilipoiva, tulipanda sukuma wiki vitaluni kwa Mama Kendi, kila mboji na kitalu chake. Wiki chache baadaye Mama Kendi alichuma jani moja kila upande, akayaweka mapajani pangu. Langu lilikuwa la manjano. La msichana lilikuwa la kijani kizito, pana kama sahani.

Sasa nimestaafu, mgongo umekataa. Msisubiri niombe radhi kwa kazi iliyosomesha watoto wanne. Jivu nililiacha siku hiyohiyo ya majani. Ni wangapi kati yenu wenye vyeti wanaweza kutupa kitu walichojivunia miaka ishirini? Hakuna aliyenidai. Nilikwenda mwenyewe kwa Mama Kendi, nikamrudishia pesa ya lori la samadi nililomuuzia, nikamnunulia na mahindi ya kula hadi mavuno mengine: jumla shilingi elfu thelathini na moja, mia sita na hamsini.