Fomu ya Ouma wa Takawiri

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kazi pale Suna nilivaa tai ya marehemu baba. Ofisa wa Kazi, mtu wa maneno machache, hata hakuitazama. Alinisukumia rundo la fomu akasema, "Karani, hizi ni za watu walioumia. Wewe ukichelewa, wao ndio wataumia tena." Nikaitikia, "Ndiyo, mzee," kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeelewa.

Nyinyi vijana mnaofanya kila kitu kwa simu, hebu nisikilizeni. Mfanyakazi akiumia, mwajiri hujaza sehemu ya kwanza ya fomu, aseme ajali ilitokeaje na mshahara ulikuwa kiasi gani. Sehemu ya pili ni ya daktari, naye huandika asilimia ya ulemavu wa kudumu, yaani kile ambacho mwili hautakirudisha. Mwajiri akikwepa, majeruhi anakuja kudai mwenyewe, na sisi tunamwandikia mwajiri barua. Ila dai lazima lifike kabla ya miezi kumi na miwili tangu ajali, na fomu isiyogongwa muhuri wa kupokelewa haijafika, hata ikilala mezani kwako.

Suna nilizoea kesi za mashimo ya dhahabu. Nilipohamishiwa Homa Bay nikakuta ziwa, na watu wa ziwa walikuwa hawaji. Mwenye boti ni mjomba wa huyu na shemeji ya yule, utamdai vipi?

Ouma alikuja kwa kusukumwa na mkewe. Alikuwa mtu wa injini katika boti ya kuvua omena, wale dagaa wa ziwani, huko kisiwani Takawiri. Kamba ilinaswa na injini ikamvuta mkono wa kulia, ukakatwa juu ya kiwiko. Mwenye boti alilipa hospitali, akaahidi kumtafutia kazi nyingine, na ahadi ikala miezi kumi na moja.

"Jaduong'," Ouma aliniambia kwa heshima, "mama yake mwenye boti amefariki juzi. Nitampelekea aje barua ya serikali na mwili bado uko mochari?"

"Na mkono wako si msiba?" mkewe, Min Atieno, yaani mama yake Atieno, akamuuliza.

Yawa! Hapo ndipo nilipopaswa kugonga muhuri. Lakini mimi pia ni Mjaluo. Boma lenye matanga watu huliingia na pole, hawaliingii na madai. Nikasema, "Ngojeni wazike kwanza. Fomu nitaiweka hapa kwa droo."

"Muda hautaisha?"

"Mama, niachie mimi kazi yangu." Nilimjibu hivyo, tena kwa ukali kidogo.

Mazishi yakaahirishwa mara mbili, wakingoja watoto walio ng'ambo. Katikati hapo nikatumwa Migori wiki tatu kushikilia ofisi. Niliporudi nikafungua droo, nikahesabu siku kwa vidole, nikahesabu tena. Miezi kumi na miwili ilikuwa imepita kwa siku nane.

Nilishika ule muhuri wa tarehe nikatamani kuurudisha nyuma. Nikaogopa kupoteza pensheni. Nikagonga tarehe ya siku ile, nikampelekea mkubwa wangu mpya, Madam Ofisa.

"Huyu mtu alikuja lini hapa?" akauliza.

Nikamwambia yote. Akachukua kalamu. "Mzee, unajua ninachotakiwa kuandika."

Nilijua. Mwenye boti naye alijibu kupitia wakili kwamba muda umekwisha, wala hakukosea. Barua niliyomwandikia Ouma ilikuwa na sentensi mbili: dai lilichelewa, halikukubaliwa. Haikusema lilichelewea wapi.

Nikastaafu kwa keki na hotuba. Watu walinisifu hadi nikaona haya. Nyumbani hapa vijana huniuliza habari za fidia, nami nawaambia: gongesha muhuri kwanza, wakupe nakala yako, halafu nenda ukalie na wenzako. Wanadhani ni hekima. Ni aibu yangu tu.

Mwaka huu nikavuka kwenda Takawiri. Nilimkuta Ouma akishona wavu kwa mkono wa kushoto, uzi ameushika kwa meno. Atieno, kifungua mimba wao, aliacha shule kidato cha pili. Siku hizi anaanika omena ya watu. Nikaketi, nikawaambia fomu ilikuwa kwenye droo yangu muda wote ule, na kwamba walikuja mapema ya kutosha.

Ouma aliutoa uzi mdomoni. "Omera, ndugu yangu, usijisumbue. Uliheshimu msiba. Ulifanya kama mtu wa nyumbani."

Nilitaka kulia kwa jinsi alivyonisamehe upesi. Min Atieno alikuwa akinimiminia chai. Hakupandisha sauti.

"Watu wa nyumbani tulikuwa nao wengi, baba," akasema. "Siku ile nilipanda boti kutafuta karani."